Fimbo ya Besi: Pima Chambo, Usipime Samaki

Mwezi jana niligusia dropushoti, ule uvuvi wa samaki aitwaye besi ambapo risasi hufungwa mwisho kabisa wa uzi, na ndoana yenye mnyoo wa plastiki hukaa juu yake kama shibiri moja au mbili. Ilikuwa mistari miwili tu, lakini maswali yamefurika. Nayajibu yalivyofika.

*Shikamoo mzee. Niko Nakuru mjini, na Jumamosi huenda Naivasha kuvua. Muuzaji ameniambia besi ni mkorofi, kwa hiyo ninunue fimbo nene isiyovunjika. Ni kweli?*

Marahaba, kijana wangu. Kuhusu ukorofi wa besi, muuzaji kasema kweli. Kuhusu fimbo, kakupoteza. Fimbo huchaguliwa kwa uzito wa kile unachokirusha, si kwa ukubwa wa samaki unayemwota. Dropushoti hutumia risasi ya gramu 5 hadi 10. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi. Sasa ning'iniza vijiko viwili vya sukari kwenye mpini wa jembe, ufumbe macho, halafu uniambie kama umesikia vikitikisika.

Mimi nilianza na fimbo ya kuazima, nene, nzuri kwa kufukuzia mbwa. Asubuhi nzima karibu na Karagita nilirusha na kuvuta. Mara tatu mnyoo ulirudi umenyofolewa mkia, na ningeapa mbele ya hakimu kwamba hakuna kilichonigusa. Besi wa Naivasha, ambaye wazee wake waliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, hana haja ya kukupigia hodi. Hufungua mdomo, hunyonya, hutema. Kwa fimbo inayofaa utahisi uzi umekuwa mzito ghafla, kana kwamba umenasa jani lililolowa, kisha jani lenyewe linaanza kutembea. Hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi.

Ukiwa dukani, geuza fimbo usome maandishi yaliyo juu kidogo ya mpini. Tafuta iliyoandikwa 1/8–3/8 oz na 6–10 lb, au namba zinazokaribia hizo. Oz ni wakia, na wakia moja ni gramu 28, kwa hiyo fimbo hiyo inarusha gramu 3.5 hadi 10 na ushei. Lb ni ratili, yaani nguvu ya uzi unaoifaa. Utakuta pia herufi. ML ni nguvu iliyo kati ya nyepesi na ya wastani, nayo ndiyo yetu. F au XF ni habari ya mpindo: fimbo inapinda karibu na ncha tu, sehemu ya chini inabaki imara.

Hapo kwenye nguvu na mpindo ndipo wengi wanapopotea. Nguvu inakuambia fimbo inahitaji mzigo kiasi gani ndipo ipinde. Mpindo unakuambia inapinda wapi. Kuna fimbo laini inayopinda mpaka mkononi kama ufito mbichi. Inapendeza kuitazama, lakini ujumbe wa samaki unapotelea njiani. Wewe unataka ncha laini iliyokaa juu ya mgongo mgumu. Shika mpini, mwambie mwenzako abonyeze ncha kwa kidole kimoja. Ikipinda theluthi ya juu na kurudi mara moja bila kuyumbayumba, hiyo hiyo.

Urefu uwe futi 6 na inchi 8 hadi futi 7. Chagua ya kaboni kuliko faibaglasi. Faibaglasi ni ngumu kufa, nakubali, lakini ni nzito na inameza mitetemo. Kisha funga rili (kigurudumu cha kukunjia uzi), namba 2500 inatosha, uilaze fimbo kwenye kidole mbele kidogo ya rili. Ikiangukia mbele, mkono wako utauma kabla ya saa nne, maana dropushoti ni kazi ya kusimama na kutikisa ncha polepole, si ya kurusha kila dakika.

*Na uzi?*

Uzi wa kusokotwa wa ratili 10 kwenye rili, kisha mita mbili au tatu za uzi wa florokaboni wa ratili 6 au 8 mbele. Wa kusokotwa hauvutiki, kwa hiyo unaleta habari. Florokaboni haionekani sana majini na inavumilia kukwaruzwa. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Nimeona vifaa vya bei ya mbuzi vikishindwa na fundo kavu.

*Sina gari. Natoka Njoro, nabadilisha matatu Nakuru. Nimesikia fimbo ya vipande viwili haifai kwa uvuvi huu wa taratibu. Nifanyeje?*

Nunua ya vipande viwili, kaka, na anayekucheka mwambie akupe lifti. Ni kweli ya kipande kimoja inahisi vizuri zaidi, ila tofauti hiyo siku hizi ni ndogo, na fimbo iliyovunjika haihisi chochote. Yangu ya kwanza ya kipande kimoja iliishia kwenye mlango wa nyuma wa matatu. Kondakta aliubamiza, akaniangalia, akasema, "Pole mzee, kumbe ilikuwa ndefu." Inchi nne za ncha zilibaki Gilgil.

Kata bomba la plastiki la maji kwa urefu wa kipande kirefu, ziba ncha zote mbili kwa vitambaa na gundi ya karatasi, tia fimbo humo, uishike wima katikati ya magoti. Usikubali ipandishwe juu ya keria. Ukifika, unganisha vipande huku pete za kupitishia uzi zikiwa zimepishana kidogo, kisha zungusha mpaka zinyooke mstari mmoja. Na baada ya kila saa moja hivi kagua kiungo, maana hulegea kwa kutikiswa.

*Mimi ni wa Dunga, Kisumu. Fimbo hiyo naweza kuitumia kwa mbuta (sangara)?*

Ndugu yangu, hapana. Besi mkubwa kabisa kwenye rekodi ya dunia ana kilo 10 na kidogo. Alivuliwa Georgia, Marekani, mwaka 1932, na mwaka 2009 mwenzake wa Ziwa Biwa, Japani, akamfikia. Mbuta wa kilo 10 hapo kwenu hata hapigwi picha. Mbuta anaweza kupita kilo 100, na huvuliwa kwa chambo kizito kinachoburutwa nyuma ya mashua. Ukimfungia kwenye fimbo ya ML atakuachia mpini.

Wala usitarajie besi kwenye ziwa lenu la Viktoria, kwa sababu makao yake si huko. Njoo Naivasha. Lakini kwa ngege (sato) wanaozungukazunguka kando ya mawe, fimbo hiyo hiyo na ndoana ndogo yenye mnyoo wa kweli itakupa alasiri nzuri sana.

*Ninanasa besi, anaruka mara moja, anatikisa kichwa, ameenda. Wanne kwa siku moja! Fimbo ni mbovu?*

Fimbo haina kosa, ni mkono. Wengi tumejifunza kuvua kwa mshipi wa mkononi, na tumezoea kuukwanyua kama tunang'oa muhogo. Ndoana ya dropushoti ni nyembamba, namba 1 au 2. Ukikwanyua, inapasua tundu pana mdomoni, na samaki akiruka inachomoka yenyewe. Ukihisi ule uzito, zungusha rili mpaka uzi unyooke, kisha inua fimbo tu, kama mtu anayenyanyua sufuria ya uji bila kuimwaga. Ncha ya ndoana itaingia yenyewe.

Pia angalia breki ya rili. Vuta uzi kwa mkono; ukikukata kidole kabla haujaachia, umekaza mno. Na samaki akianza kupanda juu, teremsha ncha ya fimbo karibu na maji umvute kwa ubavu. Besi aliyevutwa kwa ubavu haruki sana.

Kama hao wanne waliponyoka kwenye miti, hiyo ni kesi nyingine. Tangu ziwa lilipopanda na kuizamisha migunga ya kando, hasa mwaka 2020, besi wanajibanza kwenye mashina, na uzi wa ratili 6 hauna ubishi na shina. Dropushoti ni ya pembeni, pale mafunjo yanapoishia na maji yanapokuwa wazi. Ndani ya miti peleka fimbo nzito na uzi mnene.

*Chambo gani kinafuata baada ya mnyoo?*

Kamba mwekundu wa Louisiana aliletwa Naivasha mwaka 1970, na besi humla bila kuuliza. Kwa hiyo kipande kifupi cha plastiki cha rangi ya kahawia, kama urefu wa kidole cha kati, kwenye ndoana yenye risasi ya umbo la kichwa cha uyoga, kikiburutwa sakafuni polepole. Ndiyo ile mbinu inayobeba jina la Ned Kehde, mvuvi wa Kansas. Fimbo ni ile ile.

*Mwanangu ana miaka kumi na mmoja anataka kuanza. Nimnunulie hiyo ya kaboni?*

Bado, mama. Mpe ya faibaglasi ya futi sita, aikanyage, aiangushe, aisahau mvuani. Pesa iliyobaki ilipie kibali katika ofisi ya uvuvi, na mvue mkiwa kwenye mashua pamoja na nahodha anayelijua ziwa. Msisimame kando ya mafunjo jioni. Huo ni wakati wa viboko kutoka majini, na hawapishi mtu. Asubuhi ni bora kwa kila hali, maana mchana upepo huinuka, na kwenye mawimbi hata mimi sihisi kitu.

*Nimeshanunua ile nene aliyoisema muuzaji. Niitupe?*

Usiitupe. Hiyo ndiyo ya kwenye migunga.