Amplifaya inavuma jioni: usiendelee kubadilisha 7812

Ndugu, umeeleza kwamba amplifaya yako huvuma kila ifikapo jioni ingawa umekwisha kubadilisha 7812, yaani regyuleta inayoshikilia umeme kwenye volti 12, mara mbili, na kwamba pawasaplai yake ina transfoma ya volti 12, diodi nne za 1N4007 na kapasita ya maikrofaradi 1000. Nilipokuwa nikianza ufundi nilihangaika na jambo hilohilo: redio ya mteja ilitulia mezani kwangu mchana kutwa, ikifika kwake usiku inavuma. Aliponirudishia mara ya tatu nilibeba mita hadi nyumbani kwake saa mbili usiku, nikapima soketi, nikakuta umeme umeshuka hadi volti 193.

Volti 12 zilizoandikwa kwenye transfoma si kilele cha wimbi, kwani kilele chake hufika karibu volti 17. Kila nusu ya wimbi hupita kwenye diodi mbili kati ya zile nne, na kila moja hula takriban volti 0.7, hivyo kapasita hujaa hadi volti 15.6 hivi. Diodi hazitulizi umeme. Zinachofanya ni kuulazimisha uende upande mmoja, ukitoka kama vilima 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, na kapasita ndiyo inayofukia mabonde. Mzigo, yaani amplifaya yenyewe, ukila nusu ampea, kapasita yako huishiwa karibu volti 4 kabla kilima kingine hakijaja, kwa hiyo bonde linashuka hadi chini ya volti 12.

Regyuleta kama 7812 hupunguza tu, haiongezi. Inahitaji kuingiziwa takriban volti 2 zaidi ya inazotoa, yaani kama 14, na ziada yote huigeuza kuwa joto. Kila bonde linapopita chini ya hapo, 7812 huliachia liende moja kwa moja hadi kwenye spika. Mita haitakuonyesha hayo, kwa sababu kwenye DC (umeme wa upande mmoja) inakusomea wastani, nawe unaona volti 13 na ushei ukadhani mambo ni shwari.

Kwanza pima diodi zote nne, maana moja ikikatika unapoteza nusu ya vilima. Zikiwa nzima, weka kapasita ya maikrofaradi 4700. Bonde litapungua hadi kama volti 1, na mchana utatulia kabisa. Kwa umeme wa jioni, hata hivyo, hiyo haitoshi, kwa kuwa soketi ikishuka hadi 193 kilele chenyewe hakifiki 14 baada ya diodi. Nilimwekea yule mteja transfoma ya volti 15, na kwa kuwa 7812 sasa ilikuwa ikichoma karibu wati 4, nikaifunga kwenye bati la kupozea. Kapasita nayo iwe ya kuhimili volti 35. Niliwahi kubana matumizi nikaweka ya volti 16 kwenye saketi kama yako, ikapasuka alfajiri, umeme ulipopanda na amplifaya ikiwa haili umeme.