Maswali yenu: Robosapien ya mtumba na Arduino

Nimepata Robosapien, ile roboti ya kuchezea yenye umbo la mtu, sokoni kwenye mitumba, ila haina rimoti. Nitaiendeshaje?

Umeokota dodo. Mark Tilden, aliyeibuni roboti hii iliyotoka 2004, aliitaka iwe rahisi kufunguliwa na wadadisi. Toa betri, fungua skrubu za mgongoni, vuta kifuniko polepole nyaya zisikatike. Kwenye bodi tafuta maandishi IR-OUT: hapo ndipo hupita amri za rimoti zilizopokelewa kichwani. Lehemu waya mmoja hapo uende kwenye pini ya Arduino, yaani bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu, itakayotuma amri badala ya rimoti, na mwingine uunganishe hasi kwa hasi. Huo wa pili wengi huusahau, wakahangaika na programu usiku kucha.

Waya wa IR-OUT ukitulia, uko juu, yaani una volti; chini ni bila volti. Ushushe kwa milisekunde 6.7, kisha tuma biti nane, ukianza na ya kushoto. Biti ya sifuri ni juu kwa milisekunde 0.83, ya moja ni juu kwa 3.3, kila moja hufuatwa na chini kwa 0.83. Halafu uache waya urudi juu. Amri 0x86 (0x ni alama ya namba za heksadesimali; hii ni biti 10000110) ni kutembea mbele, 0x8E ni kusimama. Tafadhali usiusukumie waya huo volti 5: unapotaka juu, igeuze pini iwe INPUT, utapanda wenyewe.

Je, nikiitoa bodi yake na kuendesha mota zote saba mwenyewe?

Nakusihi usiitoe. Roboti hii hutembea kwa kuyumba: uzito unalalia mguu mmoja, mwingine unanyanyuka, springi zinairudisha. Mpangilio huo umeshakaa sawa, na kuupata upya ni kazi ya miezi. Ukishikilia, tumia draiva, yaani chipu ya kuendeshea mota, kama TB6612FNG. Pini ya Arduino Uno imekusudiwa miliampia 20 tu, mota itaiunguza.

Arduino inajiwasha upya kila roboti inapoanza hatua.

Unachota umeme kwenye betri za miguuni. Zile nne kubwa za D ni volti 6, na mota zikianza, volti hushuka ghafla. Ipe Arduino betri zake, AA sita kwenye tundu lake la umeme, hasi zikutane. Zifunge chini kiunoni. Zikikaa mabegani, kule kuyumba kunazidi na roboti inaanguka.

Binti yangu ana miaka tisa. Nimruhusu?

Bisibisi mwachie, mama. Kwenye kulehemu kaa naye, dirisha likiwa wazi.