Mwanangu, vile vidonge usinunue

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku Kondoa hatujambo. Goti la baba yako limepata nafuu na ameanza tena kwenda shambani.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema hapo dukani Kariakoo wenzako wanakuita njiti, wateja wanakuuliza kama unaumwa, na yupo dada mmoja anauza vidonge vya kunenepa, dozi ya mwezi shilingi elfu kumi na tano. Mwisho ukauliza, "Mama, nivinywe?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utaniambia "sawa mama" na mengine yote nitakuwa sijayasema.

Usivinywe. Na sikukatazi kwa kuwa ni mama tu, nakukataza kwa sababu nimeyaona.

Mama yako mdogo, alipokuwa anakaribia kuolewa, alikuwa mwembamba kama wewe. Wewe ulikuwa na miaka minne, huwezi kukumbuka. Aliuziwa vidonge vidogo vyeupe vimefungwa kwenye karatasi ya kaki, havina jina wala tarehe. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Wiki ya tatu mashavu yakajaa, uso ukawa duara, na sote tukamsifia. Mimi nilimsifia kuliko wote, Mungu anisamehe. Siku ya kujaribu gauni nilimshika mkono ili aupitishe kwenye mkono wa gauni, nikashtuka. Mkono ulikuwa umekonda kuliko zamani, nyama imelegea, na tumboni ngozi imepasuka michirizi ya rangi ya zambarau. Uso umenenepa, mikono na miguu inaisha. Baada ya harusi vidonge vikamwishia, akaacha siku hiyohiyo. Siku chache baadaye alianguka jikoni, anatapika, presha imeshuka, hata kukaa hawezi. Daktari alimtazama uso tu, akauliza, "Ulikuwa unatumia vidonge vya kunenepa?"

Ilikuwa deksamethazoni. Ni dawa ya kweli, na hospitalini inaokoa watu. Wakati wa korona wagonjwa mahututi waliokuwa kwenye oksijeni walipewa hiyo. Lakini hainenepeshi. Inajaza maji mwilini na kuyahamisha mafuta yaende usoni, shingoni na tumboni, huku ikila nyama ya mikono na miguu. Inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa. Halafu kuna tezi mbili zimekaa juu ya figo, kazi yake ni kutengeneza kitu kinachofanana na dawa hiyo. Ukiinywa kwa muda, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiacha ghafla, zinakuwa bado zimelala, na mwili unabaki mtupu. Hicho ndicho kilichomwangusha mdogo wangu. Ilichukua miezi mingi ya kupunguziwa dozi kidogo kidogo mpaka akarudi sawa. Kwa hiyo kama umeshaanza kuvinywa na hukutaka kuniambia, sitakugombeza. Usiache peke yako. Vichukue na karatasi yake uende hospitali leo.

Na kama huyo dada atakwambia vyake si hivyo, ni vya kuleta hamu ya kula tu, basi huenda ni siproheptadini. Hiyo ni dawa ya mzio. Inaleta njaa, ni kweli, lakini inaleta na usingizi mzito, na wewe unapanda daladala la Mbagala alfajiri na kurudi usiku. Ukiiacha, njaa inaondoka nayo.

Sasa tuje kwako. Uliniambia una kilo 44 na urefu wa sentimita 160. Kule zahanati wanachukua kilo, wanagawa kwa urefu wa mita mara mbili, yaani 44 kwa 1.6, kisha tena kwa 1.6. Jibu ni 17.2. Mtu mzima akiwa chini ya 18.5 anahesabiwa amepungua uzito. Kwa hiyo watu wa dukani wamekosa adabu, lakini kilo hazitoshi kweli. Ukifika 50 utakuwa 19.5, na hapo panakutosha kabisa. Kilo sita tu mwanangu. Zikija robo kilo mpaka nusu kilo kwa wiki, ni miezi mitatu hadi sita. Anayekuahidi mwezi mmoja anakuuzia maji.

Kabla ya chakula, kapime. Nataka kujua kama wembamba huu ni wa kuzaliwa nao au umekuja. Bibi yako mzaa baba alikuwa hivyohivyo mpaka anafariki akiwa mzee, na hakuwa na ugonjwa. Lakini wewe mwaka jana ulikuwa na kilo 48, na nne zimekwenda wapi? Kama una kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au jasho la usiku linalolowanisha shuka, hicho ni kifua kikuu mpaka kipimo kikatae. Kwenye vituo vya serikali kukipima na kukitibu ni bure. Kiu isiyokwisha na kukojoa sana, sema upimwe sukari. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kusikia joto wakati wenzako wamejifunika, waambie waangalie tezi ya shingo. Minyoo pia, na vidonda vya tumbo.

Na pima virusi vya UKIMWI. Najua ndilo unaloliogopa, na najua kwa nini yale maswali ya wateja yanakuchoma. Mimi nimekulia wakati ule. Wagonjwa wa kwanza hapa kwetu walitangazwa Kagera mwaka 1983, na Waganda ugonjwa wenyewe waliuita "slim", wembamba. Tangu hapo mtu akipungua, watu wananong'ona. Hofu ile ndiyo inayowauzia watu vidonge mpaka leo. Jibu likiwa lolote, wewe ni mwanangu, na dawa zipo na watu wanaishi nazo miaka mingi wakiwa na afya yao.

Vipimo vikiwa safi, basi tatizo ni sahani. Nimeihesabu siku yako kama ulivyonisimulia. Chai ya rangi na andazi saa nne. Chipsi saa tisa, wakati wateja wamepungua. Usiku umechoka, unakunywa maji na kulala. Mwanangu, hiyo ni milo miwili, na wa kwanza ni chai! Kwa mwendo huo hata mimi ningekuwa njiti.

Usijilazimishe kula mlima wa ugali. Tumbo lako ni dogo, litakukataa siku ya pili ukate tamaa. Ongeza kidogo kwenye kile unachokula tayari. Mwili wako unahitaji kama kalori 300 hadi 500 za ziada kwa siku, na hazihitaji sufuria kubwa. Konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi, ina kalori 170. Kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta, 150. Kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti juu ya mboga, 120. Nusu parachichi inakaribia hapo. Hebu ona: konzi, kikombe na kijiko, tayari umevuka 400 na hujapika kitu kipya.

Fanya hivi. Uji wa ulezi upike usiku, uweke kwenye chupa ya chai, asubuhi unywe kabla hujatoka. Usiunywe mtupu. Karanga usinunue zilizosagwa, saga mwenyewe. Kaanga kwa moto mdogo bila mafuta mpaka ganda jekundu likitoka ukisugua kwa kiganja, pepeta, twanga. Mwanzo inakuwa unga mkavu unaokwama kwenye kinu, utadhani umekosea. Endelea tu. Baadaye mafuta yanatoka yenyewe, mchi unaanza kuteleza, na unga unageuka uji mzito unaong'aa. Hapo ndipo uache. Vijiko viwili kwenye uji, na maziwa.

Kabla ya kukaanga, chagua. Kila karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa, hata ikiwa robo ya kilo. Unakumbuka mwaka 2016, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu mkoani kwetu na Manyara. Karanga nazo zinashikwa na sumu hiyo, na kuikaanga hakuimalizi.

Mchana, chipsi waachie wenzako siku nyingi. Mama ntilie atakupa wali maharage, na samaki siku ukiwa na hela. Hapo unapata wanga na cha kujenga mwili. Mayai mawili chemsha usiku, uende nayo. Usiku kula hata kama umechoka: ndizi za kupika na dagaa kwa tui la nazi, sufuria moja, umemaliza. Chai iache mpaka lisaa lipite baada ya chakula, maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, na ukiinywa kabla inajaza tumbo bure. Soda na keki zitakupa kitambi kwenye miguu ya njiti. Sizitaki.

Na ubebe vitu. Usicheke, namaanisha mazoezi. Kuchuchumaa na kuinuka mara kumi na tano, kujisukuma kwa mikono ukutani, halafu sakafuni ukizoea, siku tatu kwa wiki. Chakula bila kazi kinakuwa mafuta. Ukikitumikisha kinakuwa nyama.

Jipime mara moja kwa wiki tu, siku ileile, asubuhi kabla ya uji, mizani ileile ya duka la dawa. Kuna wiki haitasogea. Ukiwa umekula, usibabaike.

Nimekutumia mzigo kwa basi la Jumamosi, utafika stendi ya Magufuli pale Mbezi jioni. Kilo tano za karanga nimezichagua mwenyewe moja moja, bado mbichi, chupa ya asali, na lita tatu za alizeti ya shamba letu. Namba ya kondakta nitakutumia akishapakia. Ndoo ina mfuniko mwekundu na nimeifunga kwa kile kitenge changu cha zamani, cha bluu. Kitenge nirudishie.

Mama yako