Maswali ya Wazazi: "Majina ya maumbo hataki, anapanga tu laini"

SWALI: Mwalimu habari yako. Tunaishi Kaptembwo hapa Nakuru, kijana wangu ako na miaka 3 na nusu na mwaka ujao anaingia PP1, darasa la kwanza la chekechea. Nilimnunulia zile bloki za mbao za maumbo, ziko rangi sita, nikaona zitamsaidia kuanza mapema. Sasa kila jioni nikitoka kazi namkalisha kwa mkeka namuuliza hii ni nini, na hii je, yeye anaangalia kando ama anasema "gari", halafu anazipanga laini ndefu mpaka kwa mlango anasema ni foleni ya matatu. Mtoto wa jirani wa rika lake anataja pembetatu, mraba, duara, zote. Niko na presha naona wangu atabaki nyuma. – Mama kijana

JIBU: Mama, pole kwa hiyo presha, lakini hiyo foleni ya matatu usiivunje. Kesho iangalie vizuri kabla ya kusema kitu. Ukikuta nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, hiyo ni patani, yaani mpangilio unaojirudia, na ameitoa kwa kichwa chake, na hesabu ya PP1 inaanzia hapo hapo, kutenganisha vitu, kulinganisha, kupanga kwa mpangilio. Mtihani wa jioni ndio naomba uachane nao kabisa. Mtoto akiulizwa hii ni nini kila siku anajua mchezo umeisha, anaangalia kando, na mimi simlaumu.

Hizo bloki zako kama ni zile naziwaza, zinazoitwa pattern blocks, zilitengenezwa Marekani miaka ya 1960, na waliozitengeneza walizipima kwa makini: pande zote ni urefu mmoja, kama sentimita 2.5, isipokuwa ule upande mrefu wa ile nyekundu ambao ni mara mbili. Ndio maana zinaingiana. Sasa fanya hivi, chukua ile ya manjano yenye pembe sita uiweke chini mbele yake, halafu wewe mwenyewe uanze kuifunika na zingine bila kumwita. Atakuja. Nyekundu mbili zinaifunika sawasawa, bluu tatu pia, kijani sita pia. Akichukua nyekundu ya kwanza ataiweka vibaya, kona itatokeza nje, ataizungusha, ataisukuma na kidole, na hapo tafadhali mama mikono yako ikae kwa mapaja, maana kile kidole kinachosukuma ndicho kinasoma. Halafu atajaribu mraba wa chungwa, na huo hauingii hata ageuze vipi, pembe zake zinakataa. Usimwambie, mwache agundue, na akikasirika mpe kijani.

Wakati mnacheza ongea tu kawaida, "nipe ile pembetatu ndogo niweke hapa kwa kona", "hii imelalia juu ya ile", "kuna nafasi katikati ya hizi mbili". Juu, chini, kando, katikati, geuza, pindua, hayo maneno ndio yanamjenga mtoto kwa maumbo kuliko kukariri, na majina yatakuja yenyewe ndani ya hayo maongezi.

Mtoto wa jirani sina neno naye, amefunzwa vizuri. Lakini siku moja chukua pembetatu uigeuze kichwa chini umuulize ni nini. Wengi wa umri huo wanasema si pembetatu, kwa sababu kwenye chati ya ukutani huwa imekalia upande wake bapa na ncha iko juu, na hivyo ndivyo walivyoishika. Mraba nao ukisimama kwa pembe wanasema si mraba tena. Kwa hivyo wako mwonyeshe pembetatu zilizopinduka, nyembamba, ndefu, sambusa, paa la nyumba, karatasi umeikunja kona kwa kona. Dakika 10 ama 15 zinatosha, akichoka mnaanika nguo pamoja.

SWALI: Mwalimu, mimi ni baba wa wawili, niko Nyalenda Kisumu, mkubwa miaka 4 mdogo miezi 9. Bloki za dukani ni ghali. Naweza kutengenezewa na fundi, na huyu mdogo hatazimeza? – Baba wawili

JIBU: Unaweza baba, na zinaweza hata kuwa nzuri zaidi. Nenda kwa mafundi wa soko la Kibuye uulize vipande vya saiprasi vinavyobaki wakikata vitanda. Mwambie akukatie unene sentimita 3.5, upana 7, urefu 14. Hicho kipimo cha moja, mbili, nne kilitoka kwa mwalimu Caroline Pratt wa New York, na uzuri wake ni kwamba ukikata kipande katikati unapata miraba miwili, ukikata mraba kona kwa kona unapata pembetatu mbili, kwa hivyo mkubwa akijenga ukuta na nusu mbili anaona zimelingana na kipande kizima. Akate wingi kiasi, na apige msasa kona zote mpaka upitishe mkono bila kuchomwa.

Kwa huyo wa miezi 9, chukua ile karatasi ngumu ya ndani ya tishu ya choo. Kitu chochote kinachopita ndani yake ni kidogo sana kwa mtoto chini ya miaka 3. Vya fundi ukizingatia hivyo vipimo havipiti, lakini zile bloki ndogo za rangi kama za yule mama wa kwanza zinapita, ukizinunua siku moja ziwe za mkubwa peke yake na mchezo ukiisha ziwekwe juu. Mdogo kazi yake sasa ni kuangusha mnara wa kaka, itamuuma mkubwa, basi wewe mjengee mdogo mnara wake wa kuangusha pembeni.

Rangi si lazima, ya nyumba ama ya magari usipake kabisa maana huyo mdogo ataweka mdomoni. Na mbao zilizotiwa dawa, zile zina ukijani wa nguzo za stima, hata ukipewa bure usichukue.