Maswali yenu: Eti nikeli nayo inapitisha umeme bila kupoteza?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi fundi umeme wa Mbagala. Kuna dogo wa chuo kaniambia siku hizi nikeli inageuzwa superkondakta, umeme unapita haupotei hata kidogo. Sasa nikeli mi naijua kwenye koili ya jiko la umeme, inawaka nyekundu kabisa, inakuwaje tena? Na nianze kununua chakavu?

JIBU: Dogo hajakudanganya fundi, ila siyo nikeli ya koili, hiyo imechanganywa na kromiamu makusudi ili ibane umeme ipate moto. Inayosemwa ni nikeleti, nikeli iliyofungamana na oksijeni na madini mengine.

Habari yenyewe ilianzia kwenye shaba. 1986 wanasayansi wawili, Bednorz na Müller, kule Zürich, Uswisi, walikuta oksaidi ya shaba inapitisha umeme bila upinzani kwenye baridi ambayo si kali kama ya zamani, na mwaka uliofuata ikapatikana nyingine inayofanya hivyo kwenye nyuzi kama -180. Sasa piga picha daladala yenye siti 10, ndo ganda la d la atomi, yaani tabaka moja la kukalia elektroni: kwenye oksaidi hizo shaba ina elektroni 9, siti moja wazi. Nikeli ni jirani wa shaba ila kwa kawaida inabaki na 8, kwa hiyo ili waige shaba, watu wa chuo cha Stanford, Marekani, walichukua utando mwembamba wa nikeleti yenye metali ya neodimiamu, nanomita kama 10 tu, wakaupasha moto pamoja na haidraidi ya kalisi, kemikali inayonyonya oksijeni, hadi oksijeni ya juu na chini ya nikeli ikanyofoka, nikeli ikafika karibu na 9. 2019 wakatangaza: umeme unateleza, ila kwenye -260 hivi!

Pacha wa shaba siyo lakini. Kwenye shaba elektroni za oksijeni zinachanganyika nayo sana, kwenye nikeli zimekaa mbali kidogo, halafu ile neodimiamu pembeni nayo inaingiza elektroni zake, abiria wa kusimama hao.

Mi kilichonichanganya zaidi ni cha 2023 kutoka China, nikeleti ya lanthanamu (metali nyingine) ambayo ikigandamizwa zaidi ya mara laki moja ya mgandamizo wa hewa yetu inafanya kazi kwenye -193, na elektroni kwenye siti za nikeli ni kama saba na nusu kwa wastani, ile 9 tuliyoiimba miaka yote haimo kabisa!

Chakavu acha fundi, vuta nyaya zako za shaba.