Kwanza kivuli na choo, ndipo bandari

Swali la wiki: Je, likizo ya meli inawezekana kwa familia yenye watoto ambao bado hawajaanza shule? Na siku za bandarini mnazipangaje?

Mhariri, inawezekana, na kwa mwenye watoto wadogo naiona ina nafuu kuliko kuhamahama hoteli. Sanduku unalifungua mara moja, jikoni wanahangaika wengine, na mtoto analala kitanda kilekile kila usiku huku nchi zinapita dirishani. Kinachotoa watu jasho ni siku meli inapofunga gati, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Sisi makazi yetu ni Sharjah, jirani na Dubai, asili Likoni, Mombasa. Mkubwa ana miaka 4, mdogo ana mwaka na nusu. Tuliokua Likoni tulizoea kuziona meli za watalii zikiingia mlango wa Kilindini, na hakuna aliyedhani siku moja atalipia kabini. Huku Ghuba, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, zinazunguka kutoka Dubai: Doha, Abu Dhabi, kisiwa cha Sir Bani Yas, Muscat, kisha kurudi. Ninayoyasema ni ya njia hiyo.

Kabla ya nguo za kuogelea, karatasi. Meli ikishaondoka Dubai, umetoka nchini. Mwenye ukaazi atarudi kwa ukaazi wake, lakini bibi wa watoto aliyekuja kututembelea kwa viza ya kuingia mara moja asitiwe kwenye hesabu mpaka viza yake irekebishwe. Na kila nchi ya njiani iulizwe kwa pasipoti ya kila mtu, maana katika nyumba moja zinaweza kuwa pasipoti za nchi mbili. Halafu kuna jambo la majina. Watoto wetu hubeba jina la baba na la babu. La mama halifanani na la yeyote. Kwenye kaunta ya kupandia, baba yao akiwa bado nyuma na mizigo, karani alitazama pasipoti yangu, akatazama za watoto, akanitazama mimi. Nikamsogezea vyeti vya kuzaliwa, mambo yakaisha. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto achukue pia barua ya idhini ya mwenzake. Na angalieni tiketi inasema Port Rashid au Dubai Harbour. Ni gati mbili zilizo mbalimbali ndani ya mji mmoja, na dereva wa teksi atakupeleka utakakomwambia.

Umri nao hausamehewi. Kampuni nyingi hazimpokei mtoto aliye chini ya miezi 6, na safari zenye siku kadhaa mfululizo za bahari tupu hutaka awe ametimiza miezi 12. Hesabu ni ya siku ya kupanda, si ya siku ya kulipa. Klabu ya watoto, ile ambayo mzazi anamwacha mwanawe akaenda kunywa kahawa, kwa kawaida huanza miaka 3, na sharti mtoto awe ameacha pampasi. Bwawani ni hivyohivyo: katika meli nyingi mwenye pampasi haingii, hata zile za kuogelea. Baadhi ya meli zina kona ya maji ya kurukaruka kwa wadogo, lakini ulizeni kabla ya kumwahidi mtoto. Wetu alimaliza hamu yake ndani ya beseni la kujaza upepo nililotia sandukuni, nalo lilituokoa mara mbili, kwa kuwa kabini nyingi zina shawa tu na mtoto wa umri ule akimwagiwa maji ya shawa utadhani anachinjwa.

Akina mama wa uji, hapa msikilize. Birika la umeme, jiko na pasi haviruhusiwi kabini; vikionekana kwenye mashine ya kukagua mizigo vitashikiliwa hadi mwisho wa safari. Chakula cha mtoto kilichofungwa kiwandani hupita, ulichokipika nyumbani hakipiti. Kwa hiyo uji wa wimbi hauna pa kupikiwa. Mimi nilichukua nafaka za kukorogea maji ya moto, na mhudumu wetu wa mezani, kijana wa Kifilipino mwenye watoto wake huko kwao, hakuchelewa kuelewa. Tukikaa tu, jagi la maji ya moto na bakuli tupu vimeshafika kabla hatujaagiza chetu. Pampasi chukueni za safari nzima, za dukani melini ni chache na bei yake ni ya baharini. Nyama halali ulizeni kabla ya kulipa. Msikisie kwa kuwa meli iko Uarabuni. Jibu likiwa la kusitasita, samaki na mayai vipo.

Zoezi la dharura kabla ya kuondoka ni lazima kwa kila mtu, mtoto pia. King'ora hulia mara saba kwa ufupi na mara moja kwa urefu, basi mwambieni mtoto mapema asije akapiga kelele kuliko king'ora chenyewe. Ulizeni hapohapo jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto liko wapi. Mawimbi? Pepo za shamali huvuma wakati wa baridi na meli hucheza, lakini walio chini ya miaka 2 kwa kawaida hawasumbuki. Aliyesumbuka ni baba yao. Kabini ya chini, katikati ya meli, huyumba kidogo zaidi.

Sasa bandarini. Utaona abiria wamekunjua karatasi ya matembezi na kalamu, wanazungushia kila kitu. Mimi kwa kila bandari nauliza: kutoka ngazi ya meli hadi kivuli cha kwanza ni umbali gani, choo kiko wapi, na mtoto akichoka ghafla tunarudije? Nikishajibiwa, nachagua jambo moja tu, la asubuhi, na kufikia chakula cha mchana tuko ndani ya meli. Watu huona huko ni kupoteza bandari. Hawajui kwamba saa hizo, abiria wengi wakiwa mjini, meli ni yako: lifti haina foleni, klabu ina watoto wachache na walezi wana muda nao, mezani unachagua kiti. Mdogo analala usingizi wake wa mchana kitandani kwake, mkubwa anacheza, na wewe unakaa roshanini ukiwatazama wenzako wakirudi wekundu kwa jua.

Doha ni rahisi kuliko zote. Gati iko kwenye bandari ya zamani, katikati ya mji, na ndani ya jengo la abiria kuna tangi kubwa la samaki ambalo kwa mtoto wa miaka 4 linatosha kuwa Qatar nzima. Jirani yake kuna bustani ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, yenye nyasi na michezo ya watoto. Mwenye nguvu ataendelea hadi Souq Waqif kuwaonyesha ngamia waliofungwa pembeni mwa soko. Angalizo ni la saa. Doha iko nyuma ya Dubai kwa saa moja, sawasawa na Mombasa. Simu itajibadilisha yenyewe ukishuka, na meli inaweza isibadilishe. Saa inayohesabiwa ni ya meli, na mwisho wa kupanda huwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Walio kwenye matembezi ya meli yenyewe husubiriwa wakichelewa. Aliyetoka kivyake hasubiriwi.

Abu Dhabi kila mtu hukimbilia Msikiti wa Sheikh Zayed, na ni mzuri, sibishi, ila kwa gari ni safari, kisha kuna ukaguzi na mwendo mrefu wa miguu. Sisi tulikwenda Louvre Abu Dhabi, makumbusho ya sanaa iliyofunguliwa 2017 kisiwani Saadiyat, karibu zaidi na gati. Ina jumba la watoto, walio chini ya miaka 18 hawalipi, na chini ya lile kuba kubwa mwanga unashuka kwa vitone vitone sakafuni. Mkubwa wangu alivikanyaga kimoja kimoja mpaka mlinzi akacheka. Michoro sikuiona sana.

Sir Bani Yas ni ufukwe, na kuna matembezi ya kwenda kutazama wanyama, wakiwemo twiga. Mkenya kulipa dirhamu akaone twiga ni jambo la kumweleza baba mkwe kwa tahadhari. Tulibaki mchangani.

Katika bandari mojawapo, sitaitaja wala kampuni, basi la matembezi tuliyokuwa tumeyalipia lilikuja bila kiti cha mtoto, na mikanda ya viti vya nyuma ilikuwa imekatika. Tulishuka. Pesa zilirudi baada ya barua nyingi. Tangu hapo naomba jibu la kiti kwa maandishi kabla ya kulipa, na kigari cha mtoto nakiacha kabini. Ninachoshuka nacho ni leso mbili. Moja mbeleko, maana ngazi za meli na vichochoro vya sokoni havipatani na magurudumu. Ya pili inakuwa mkeka, pazia la kunyonyeshea, shuka ya kumfunika aliyelala kwenye kiyoyozi cha teksi, na ikilazimu, nguo ya mtoto aliyejimwagia juisi.

Muscat ndiyo yenye maneno. Meli hufunga Bandari ya Sultan Qaboos, mtaani Mutrah kwenyewe. Meli za mizigo ya biashara zilihamishiwa bandari ya Sohar mwaka 2014, kwa hiyo ukitoka nje uko mjini tayari. Ndani ya bandari hamruhusiwi kutembea kwa miguu, basi huwafikisha langoni, na langoni teksi zinawangoja kwa bei za kushtua. Msiwe na haraka nazo. Soko la samaki liko hapo karibu, na njia ya miguu ya ufukweni inakwenda taratibu hadi soko la zamani. Mwenye mtoto mgongoni anafika bila taabu. Mkipanda teksi kidogo mbele kuna bustani ya Riyam, chini ya kile chetezo kikubwa cheupe kilichojengwa juu ya kilima. Jueni tu kwamba soko hufunga milango adhuhuri hadi alasiri, na Ijumaa asubuhi ni kimya. Meli ikifika Ijumaa, badilisheni mpango.

Lakini wengi wetu Muscat tuna watu. Shangazi yake mume wangu alizaliwa Unguja, akahamia Oman miaka ya 1970 kama familia nyingi za Zanzibar, na Kiswahili chake bado ni cha Mji Mkongwe. Kwa mwenye watoto hakuna matembezi yanayoshinda nyumba ya jamaa: choo kisafi, kiyoyozi, kitanda cha kumlaza mtoto, na mikono mingine ya kumbeba. Tatizo ni kuondoka. Mume wangu alipompigia wiki moja kabla na kumwambia mwisho wa kupanda ni saa 10 jioni, alijibiwa, "Meli gani hiyo isiyojua kungoja watu? Nimeshaagiza mbuzi."

Dawa yake ni kuomba chai ya asubuhi badala ya chakula cha mchana. Ukikubali pilau ya mchana, itapakuliwa saa 8, itafuatwa na kahawa na halua, halafu atakuja binamu ambaye hamjaonana tangu harusi. Tukamwambia, "Shangazi, watoto wamezimiss mbaazi zako na mandazi," na hapo hakuna shangazi anayekataa. Saa 3 asubuhi tulikuwa sebuleni. Shikamoo zilipokwisha, mdogo alitoweka mikononi mwa wasichana wa nyumba na sikumwona tena mpaka alipolala, katikati ya kitanda cha bi mkubwa, mito pande zote. Muda wa kuondoka tuliomtajia ulikuwa saa 7. Tulitoka saa 8 na nusu, na hiyo tulikuwa tumeshaiweka kwenye hesabu.

Zawadi nazo zina kanuni zake. Halua iliyofungwa dukani hupita ukaguzi wa langoni. Bakuli la pilau ya mbuzi halipiti, hata uliapie. Ubani wa Dhofar unapita, lakini chetezo cha umeme kitashikiliwa hadi Dubai, kwa kuwa kufukiza ni marufuku melini. Mwambieni shangazi mapema, msije mkabishana naye mlangoni huku dereva anapiga honi.

Kuhusu gharama niseme machache. Mtu wa tatu na wa nne katika kabini moja kwa kawaida hulipa kidogo, lakini bakshishi ya wahudumu huongezwa kwa kila kichwa kila siku. Ulizeni kama mtoto naye anahesabiwa, maana kampuni hazifanani.

Na usiku wa mwisho, mabegi huwekwa nje ya mlango wa kabini yachukuliwe na kuteremshwa, na hamyaoni tena mpaka bandarini. Kabla ya kuyatoa, wekeni kando pampasi, maziwa, dawa, pasipoti na nguo za kila mtoto za asubuhi, pamoja na viatu. Pale Dubai nimeona baba wa watu akishuka ngazi na bintiye mikononi, nguo za kulalia, mguu mmoja soksi na mwingine mtupu, akiuliza kila mfanyakazi mizigo inatokea upande gani.

Mama wa wawili, Sharjah