Kibodi Haijafa, Imechafuka Tu

Dada mmoja wa Kayole, hapa Nairobi, anayefanya kazi ya unukuzi mtandaoni ameniandikia wiki hii. Herufi A kwenye kompyuta yake inagoma, fundi kamwambia anunue kibodi mpya, na sasa anauliza kama akope au angoje malipo ya mwisho wa mwezi. Dada yangu, usikope. Zima kompyuta kwanza, usome haya kwenye simu.

Maneno hayo ya "nunua mpya" nayajua, na mpaka leo yananiuma. Kipakatalishi changu ni cha mtumba, nilikinunua mjini kwa akiba ya muda mrefu, na ndicho kinacholipa kodi ya nyumba na karo ya mwanangu. A na kile kitufe kirefu cha nafasi vilipoanza kukwama, nilikipeleka kwa fundi mmoja katikati ya jiji. Hakukifungua. Alibonya hapa na pale, akaniangalia kuanzia viatuni, akasema, "Mama, hii imekufa. Leta pesa nikuwekee ingine." Wateja wengine wakisikia! Nilikitia mkobani, nikapanda matatu kurudi Umoja, na usiku huohuo nikakisafisha mwenyewe. Makala hii naiandika kwa kibodi ileile.

Kwa nini A? Sisi tunaoandika Kiswahili tunaibonya hiyo kuliko herufi nyingine yoyote. Soma sentensi yoyote utaona. Jasho na mafuta ya vidole vinabaki pale, makombo ya mandazi yanaingia pembeni, halafu kiangazi cha Januari na Februari kinaleta vumbi la barabara zetu za Eastlands dirishani. Vumbi likiwa kavu halina shida kubwa. Likichanganyika na mafuta, linakuwa utando unaonata chini ya kitufe, nacho hakishuki hadi mwisho.

Kwa hiyo anza na kazi kavu. Zima kabisa, si kufunika tu, kisha chomoa chaja, na betri pia kama inatoka. Kibodi ya mezani, chomoa waya wake. Inamisha kompyuta, gongagonga mgongoni taratibu ili makombo yaanguke. Pitisha brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, au mswaki mpya mkavu, katikati ya mistari. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate. Usitumie draya ya nywele, joto lake linapinda plastiki. Uchafu mwingi huishia hapa, na watu wengi hawafiki hapa kwa sababu wanakimbilia maji.

Kama bado inanata, nenda duka la dawa uulize alkoholi ya isopropili, ya asilimia 70 au zaidi. Inakauka haraka, na ya asilimia kubwa ina maji kidogo zaidi. Loanisha kitambaa laini au pamba ya masikio, uikamue, kisha futa juu na kingo za kitufe. Kimiminika kiende kwenye pamba, kamwe kisimwagwe kwenye kibodi. Narudia: kwenye pamba. Fungua dirisha na ukae mbali na jiko, kwa maana kinashika moto. Sanitaiza ya jeli iache, inabakiza ute. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, iache. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni iache kabisa, inayeyusha plastiki.

Kung'oa vitufe? Vya kibodi ya mezani mara nyingi hutoka bila taabu, ila piga picha kwanza ujue kila kimoja kinarudi wapi. Vya kipakatalishi vinakaa juu ya bawaba nyembamba za plastiki zinazovunjika upesi, na kile kirefu cha nafasi kina waya chini yake. Mimi sikung'oa hata kimoja, na A ilirudi.

Ndugu zangu mnaokula kwa vidole hivi, ipeni kibodi dakika chache kila Jumamosi. Nawa mikono kabla ya kuanza kazi. Sahani ya chakula ikae meza nyingine. Tunajua kupiga viatu rangi kila asubuhi, ilhali chombo kinachonunua viatu hivyo tunakiacha na vumbi la mwaka mzima.

Chai ikimwagika ni habari nyingine. Zima papo hapo, usingoje kuhifadhi faili. Chomoa, toa betri ikiwezekana, funua kompyuta na uigeuze kibodi ikitazama chini. Mchele hausaidii. Maji yakikauka, sukari na maziwa hubaki ndani na kuendelea kula shaba ya njia za umeme, kwa hiyo usiiwashe ujaribu bahati. Hapo sasa fundi anahitajika. Tafuta atakayeifungua mbele ya macho yako kabla ya kukutajia bei.